Roleksi na Nyongeza Yake

Jumatatu, 4 Februari

Asubuhi: kilo 90.2. Jana vilevile. Uji wa mtama bila sukari, yai la kuchemsha, kipande cha papai. Mchana matoke gramu mia mbili, maharage, mboga ya dodo ya kuchemsha. Usiku ni hayo hayo, kasoro maharage. Jumla kalori 1,640. Ruhusa yangu ni 1,700.

Njaa ipo. Si ya tumbo. Tumbo limeridhika tangu saa moja. Kinachodai ni kinywa. Jambo la kuchunguza: kinywa na tumbo havidai kitu kimoja.

Nitapimwa hospitali ya Nsambya, hapa Kampala, tarehe 29 Aprili. Kikomo ni kilo 85. Madaktari wa Nairobi hawabishani: juu ya hapo hawatanipasua, na Wakesho ataendelea kulazwa kando ya mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Dada yangu ana miaka arobaini na minne. Ndugu zetu wawili walipimwa, figo zao hazimfai. Yangu inamfaa. Nimebaki mimi. Naiandika sentensi hii ili niikumbuke nikisimama mbele ya kikaango cha mtu.

Jumatano, 6 Februari

Nimeanguka. Roleksi mbili na soda, kwa Isabirye mkaanga chapati, pale bodaboda wanapoegesha chini ya mlima wa Lubaga. Sikuketi. Nilikula nimesimama, kama mtu anayefukuzwa.

Ni mara ya tatu tangu Krismasi. Mfuatano haubadiliki: wiki moja na ushei ya ukali, kisha anguko, tena mahali pale pale. Kanuni inayovunjika kila mara katika kiungo kimoja ina kasoro katika kiungo hicho. Ndivyo ningemwambia mwanafunzi wangu wa mantiki wa mwaka wa kwanza. Mwenyewe nimejiambia tu kwamba mimi ni dhaifu. Hiyo si hoja. Ni tusi.

Ijumaa, 8 Februari

Nsambya. Mtaalamu wa lishe ni mama mpole mwenye sauti ya chini. Alisoma orodha ya vyakula vyangu mpaka mwisho, akavua miwani. "Mwalimu, humu hamna hata kitu kimoja unachokipenda."

Sikujua kwamba hicho nacho ni kipimo.

Agizo lake: nichague kitu kimoja cha hamu, nijue uzito wake, nikiingize ndani ya hesabu kila siku isipokuwa Jumapili, na nipunguze mahali pengine. Kisiwe zawadi wala kosa. Kiwe mlo.

Nina mashaka. Inafanana na kutenda dhambi kwa ratiba. Lakini ni dhana inayoweza kujaribiwa, na dhana zangu zimekwisha kushindwa. Swali: kinywa kikipewa ahadi ya kuaminika, je, kitanyamaza?

Jumamosi, 9 Februari

Nilikwenda Kisenyi kununua mizani ndogo ya jikoni. Mwenye duka aliniangalia nikiijaribu kwa kalamu, kisha kwa funguo, kisha kwa kalamu tena. "Mzee, umepata dhahabu?" Nikasema ni kwa ajili ya chapati. Alidhani namfanyia utani. Akacheka, akanipunguzia bei.

Nimezingatia sambusa, kabalagala za ndizi, chipsi, karanga za kukaanga. Ndizi gonja ya kuchoma nimeiondoa: ni chakula halali kinachojifanya anasa. Nimechagua roleksi. Sababu ni moja. Ndiko ninakoanguka.

Jumanne, 12 Februari

Ufafanuzi. Roleksi: mayai yaliyokaangwa pamoja na kabichi, kitunguu na nyanya, yakawekwa juu ya chapati, chapati ikaviringishwa na kufungwa kwa karatasi. Chapati moja, mayai mawili. Ikiwa na manne, si roleksi tena, ni karamu.

Nilifika saa kumi na mbili. Nikaweka mizani juu ya benchi, sahani juu ya mizani, roleksi juu ya sahani. Gramu 214. Nikihesabu na mafuta, kalori 560. Basi, hiyo ndiyo namba yangu, nami nimeipa nafasi ya chakula cha usiku.

Isabirye ni Msoga wa umri wa miaka thelathini hivi, mikono yake ina kasi ya ajabu. Leo ilisimama. "Mzee, hii mashini ni ya nini? Wewe ni mutu ya serikali?" Nikasema hapana, ni yangu ya nyumbani. "Kwani chapati yangu iko ndogo?" Nikamjibu kwamba nataka kujua tu. Waendesha bodaboda walifurahi sana. "Isabirye! Leo umekamatwa, ssebo!" Yeye hakucheka.

Nilikula nimeketi. Tofauti yake ni kubwa kuliko nilivyotarajia.

Alhamisi, 14 Februari

Simu kutoka kwa Wakesho. Ametoka kwenye mashine, sauti imechoka. Aliuliza nimekula nini. Nilisitasita, kisha nikamwambia. Akataka maelezo kamili: yai linalia vipi likigusa chuma, kitunguu kinaingia kabla au baada. "Kaka, usirukeruke. Rudi kwenye kitunguu."

Yeye haruhusiwi ndizi, nyanya, karanga. Hata maji hupimiwa kikombe kwa siku nzima. Akizidisha, yanamjaa mwilini. Hunyonya kipande cha barafu ili kikombe hicho kidumu. Nikaona aibu kulalamika juu ya matoke.

Nilimuuliza: angepewa ruhusa ya kitu kimoja, angechagua nini? Sikupata hata nafasi ya kuvuta pumzi. "Maji. Glasi nzima, baridi, mpaka chini."

Kwa hiyo anasa si sifa ya kitu. Maji hayana kalori hata moja.

Jumapili, 3 Machi

Kilo 88.3. Sijaanguka hata mara moja. Mchana kinywa kimetulia. Kinajua kwamba jioni inakuja. Dhana inasimama.

Jambo la pili, ambalo sikulitafuta. Roleksi inazidi kuwa tamu. Juma hili imekuwa tamu kuliko juma lililopita, na inashibisha zaidi. Nadhani nimeona kanuni: raha iliyowekewa mpaka huongezeka ndani ya mpaka wake. Nimeifurahia kanuni hii. Huenda nikaitumia darasani.

Jumapili, 17 Machi

Kilo 88.3. Majuma mawili, hakuna badiliko. Nimesikia kwamba mwili hupumzika njiani. Nasubiri.

Jumapili, 24 Machi

88.5. Uzito umepanda.

Nina hasira. Nimepima mfuko wa kilo moja wa sukari juu ya mizani ya jikoni: kilo moja kamili. Mizani ya kupimia mwili nimeisogeza sakafuni mara nne. Matoke ni yale yale. Chumvi nimeipunguza. Kila kinachoingia mdomoni kinajulikana. Basi haiwezekani, nayo imetokea. Kisichowezekana kikitokea, mojawapo ya mambo niliyoyadhani kweli ni uongo. Lipi?

Yamebaki majuma matano na kilo tatu na nusu. Wakesho hakuuliza uzito wangu leo. Hajawahi kuacha kuuliza. Naogopa.

Jumanne, 26 Machi

Mvua ilinyesha jioni. Isabirye alikuwa amejibanza chini ya turubai. Sikuwa na mahali pa kuketi, nikaibeba roleksi nyumbani. Ilikuwa nzito mkononi. Ningeweza kuligundua hilo siku yoyote iliyopita. Nilikuwa naila kabla mkono haujapata nafasi ya kufikiri.

Gramu 371.

Nikapima tena. 371. Nikaifungua juu ya sahani. Chapati mbili, moja imefichwa ndani ya nyingine kwa ustadi. Mayai matatu. Mafuta yamelowanisha karatasi mpaka ikawa kama kioo. Nikihesabu kwa upole, inakaribia kalori elfu moja.

Nilipima mara moja, tarehe 12 Februari, nikaichukua namba ile kuwa ya milele. Mwanafunzi angefanya hivyo, ningemrudishia karatasi.

Na ile kanuni yangu kuhusu raha na mpaka: roleksi ilikuwa tamu zaidi kwa sababu ilikuwa kubwa zaidi. Basi. Nilicheka peke yangu. Kisha sikucheka.

Jumatano, 27 Machi

Nilimuuliza Isabirye bila kumlaumu. Alijibu huku akitazama kikaango.

"Mzee, ile siku wewe ulileta mashini, watu yote walicheka mimi. Walisema Isabirye anaiba. Mimi siibi. Sasa nakuongeza pole pole, pole pole, mpaka ushibe, mpaka uache kupima. Bule, ssebo. Enyongeza."

Nyongeza naijua. Hakuna anayeondoka soko lolote la mji huu bila kuidai: nyanya moja juu ya fungu, ngumi ya karanga juu ya kopo. Anayeitoa huonyesha kwamba hana roho ndogo. Sikuwa nimefikiri upande wa pili wa desturi hiyo. Hapa hakuna anayepima chakula mbele ya aliyekipika isipokuwa amemshuku. Nilidhani nauliza swali. Kumbe nimetoa shitaka, mbele ya mashahidi. Naye akajibu kwa ukarimu, na mimi nikaula ukarimu wake kila jioni kwa majuma sita.

Nikamwomba apunguze. Waendesha bodaboda waliruka kana kwamba nimevua shati. "Eh! Musomi anakataa enyongeza!" Mmoja alijitolea kuila kwa niaba yangu, na ya kesho, na ya keshokutwa.

Nilikuwa nimeandaa uongo kuhusu tumbo. Nikasema kweli badala yake: dada, figo, kilo 85, mwisho wa mwezi ujao. Sijawahi kulisema jambo hili nje ya nyumba.

Isabirye alishika kiuno chake, upande wa nyuma. "Figo hii ya ndani? Unamupa yako?" Nikasema ndiyo. "Na mimi nakujaza mafuta." Yai liliungua. Alilikwangua, akalitupa, akafuta chuma mpaka kikang'aa. "Kale, sawa. Kesho leta mashini yako. Tunapima wote."

Jumatatu, 8 Aprili

Kilo 87.1.

Mizani sasa inakaa kwa Isabirye, kati ya nyanya na mayai. Hupima donge la unga kabla ya kulisukuma, na mafuta huyamimina kwa kijiko. Akizidisha gramu tano hukata ncha ya chapati na kuila mwenyewe, akinitazama. Bodaboda wamepima simu zao, helmeti, na kiatu kimoja. Roleksi yangu wameipa jina: "ya figo". Juzi mgeni aliisikia, akaiagiza, akalalamika kwamba ni ndogo.

Nimemsimulia Wakesho kisa chote. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Kwa hiyo kuna mtu huko ananikatia chapati." Sikuwa nimelitazama hivyo.

Natembea kwenda chuoni na kurudi. Napenda kilima kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. 85.9. Wenye nyumba wangu walinialika, nami sikukataa. Luwombo ya kuku, kila mgeni kifurushi chake cha jani la mgomba. Nilikula nyama, nikaacha nusu ya mchuzi. Mama mwenye nyumba alisogeza sufuria, nikasema, "Mama, nimeshiba kweli, asante kwa kupika." Akasogeza tena. Nikashukuru tena. Alikubali mara ya tatu, kwa huzuni.

Zamani ningeiandika siku hii kuwa anguko. Leo nimeiandika kuwa kuku.

Jumatatu, 29 Aprili

84.8.

Muuguzi aliniambia nishuke. Sikusikia. Akaniambia tena.

Ijumaa, 31 Mei

Nasafiri kesho. Vipimo vya mwisho vimerudi vizuri. Usiku sijalala vizuri, na sababu ninaijua: naogopa kisu, tena sana. Hofu hii haipunguzi uamuzi. Vinakaa pamoja kama kinywa na tumbo, kila kimoja na madai yake.

Nilipita kwa Isabirye kuaga. Nikala ya figo, gramu 214. Nilimwomba anifungie moja ya safari, alikataa kabisa. "Hapana, mzee. Enda, rudi. Ukirudi ndiyo nakuongeza." Mizani nimemwachia.

Alhamisi, 13 Juni

Nairobi. Kidonda kinauma nikicheka, kwa hiyo sicheki. Mchana niliruhusiwa kutembea mpaka chumba cha Wakesho, nikishika ukuta.

Uso wake una rangi. Daktari alikuwa ametoka kumwambia anywe, anywe sana, figo inafanya kazi na inataka maji. Glasi ilikuwa mezani. Aliitazama kwa muda mrefu, kana kwamba kuna atakayekuja kuichukua. Kisha akainywa, polepole, bila kuitua, mpaka chini.

Nje, mtu alikuwa anafagia.

Wakesho akamnyooshea muuguzi glasi tupu. "Dada, nyongeza," alisema.

Muuguzi akammiminia.