Zamu ya Jumamosi ya Mama Pam

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Semina kutwa nzima, ofisi ya ushirika hapa Kebirigo. Ujumuishaji kazini. Afisa aliuliza kituo chetu cha maziwa kinaishije na wasio Wakisii. Nikainua mkono haraka: tunaye Mama Pam, Mjaluo, miaka sita, hatujawahi kukosana! Wakanipigia makofi. Yeye alikaa nyuma, mikono mapajani.

Jioni akanifuata. Anaomba ruhusa Jumamosi hii. Wanaleta mahari ya Pam, bintiye wa pekee. Yeye ni mjane — asipokuwepo, nani atawapokea wageni? Nikamwambia asiwe na shaka, nitapanga.

Alhamisi, 4 Septemba
Sijapata mtu wa kumshikia zamu. Joash: Sabato. Nyasani: Sabato, tena anahubiri. Walter ana kwaya. Sote Wasabato isipokuwa Mama Pam, na ng'ombe hukamuliwa kila siku.

Nimefungua daftari la zamu. Jumamosi — Mama Pam. Jumamosi — Mama Pam. Ukurasa baada ya ukurasa, miaka sita, kwa mwandiko wangu mimi! Hakuna aliyewahi kumuuliza. Joash anasema kwani si ni Mkatoliki, Jumamosi kwake ni siku tu.

Ningeweza kuingia mimi. Nimeliwaza, nikaliacha. Jumamosi hii ni Meza ya Bwana na mimi ni shemasi. Nimemwomba asogeze wageni hadi Jumapili. Akasema, sawa, Madam.

Jumatatu, 8 Septemba
Wageni hawakusogezwa. Wazee wale walikuwa wameshajipanga kutoka Siaya. Dada yake ndiye aliyewapokea. Mama Pam alikuwa hapa anapokea maziwa yetu — gauni jipya chini ya koti jeupe. Mlinzi ndiye ameniambia. Alipofika kwao Oyugis wageni walikuwa wanaaga.

Leo ameleta barua ya kuacha kazi. Mistari miwili. Nimejifungia chooni nikalia.

Jumatano, 10 Septemba
Nimembembeleza. Nikamwambia nitabadilisha zamu, sote tutapokezana. Hakunikasirikia — heri angenikasirikia! Akasema sisi ni watu wazuri, tumemlisha, tulimsaidia kumzika mumewe. Lakini ni kama ile jenereta nyuma ya kituo, akasema. Mnaikumbuka stima ikipotea.

Ni kweli.

Akiwa bado mlangoni, Joash akaingia kuuliza: sasa tutampata wapi mwingine asiye Msabato? Nikamfukuza ofisini kwa kelele. Kisha nikakaa. Swali hilo hilo lilikuwa kichwani mwangu tangu Jumatatu. Naona haya hata kuliandika.

Jumamosi, 13 Septemba
Kituoni, peke yangu. Nyasani amesema atanisaidia kwa maombi. Mchungaji amepiga simu mara mbili, sijashika.

Foleni imefika barabarani. Mama mmoja mzee ametazama nyuma yangu: "Mama Pam ako wapi?" Nikasema amepumzika. "Na atarudi lini?" Nikajifanya naosha ndoo.

Miaka yangu yote hapa ni ya ofisini. Kile kipimo cha kioo cha kugundua maji kwenye maziwa kinaelea, sijui kinasema nini. Nimekataa maziwa ya mtu, nikayakubali tena. Watu wamenuna. Nikampigia Mama Pam.

Akashika mara ya kwanza! Akanielekeza polepole — koroga kwanza, Madam. Subiri kitulie. Inama, usome pale maziwa yanapogusa. Mitungi kumi na moja tumepokea hivyo, yeye Oyugis, mimi hapa.

Nikasema, Mama Pam, pole. Kwa Pam. Kwa hizi Jumamosi zote.

Nikasikia kuku kwao. Kisha akauliza kama kuna mtu anangoja.

Nikasema wapo wengi.

"Basi wapokee kwanza, Madam."

Nimeweka simu juu ya meza, kando ya daftari hili. Hajakata. Mwenye mtungi wa kumi na mbili ananyoosha mkono, nami bado naandika.