Grace wa Huduma kwa Wateja

Kampala,
Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Itikia kwanza, Mama, hata kama umekunja uso, maana salamu haina kosa. Najua kabla ya kufika mstari huu umeshaigeuza karatasi mara mbili kutazama kama mwandiko ni wangu. Ni wangu. Ile "k" yenye mkia, ambayo uliniambia inafanana na mbuzi anayekojoa, bado ninayo.

Habari za hapo Nduruma? Mgongo unaendeleaje? Zamu ya maji mnaipata, au yule jirani wa juu bado anafungulia mfereji shambani kwake halafu anasema ni panya waliotoboa? Na Naomi wangu je, kile kikohozi kimeisha? Nauliza mengi kwa sababu siku nyingi sijajibiwa hata moja. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Moyo ndio haujatulia, na huo ndio umenikalisha niandike.

Bahasha hii nimempa kondakta wa basi linalokuja Arusha aishushe Sakina, gereji kwa Elisante, naye akuletee. Nimeigundisha pande zote, na pale inapofungwa nimechora mistari ya kalamu inayovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ukikuta mistari haikutani, usiniulize mimi, muulize mwanao. Nilipompigia kumweleza shida yangu alicheka mpaka nikasikia spana inaanguka, halafu akasema, "Dada, ugomvi wako na Mama mimi simo. We andika, mi n'tabeba." Mtu anayecheka namna hiyo namshuku.

Mama, naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Na sababu ya kutopokea naijua. Usihangaike kutafuta nani ameniambia. Umeniambia wewe mwenyewe.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Unakumbuka zamani nikikupigia ilikuwa inakuja namba ndefu ya huku, yenye alama ya kujumlisha mbele. Baadaye makampuni ya simu ya nchi zetu hizi jirani yakakubaliana kupokeana wateja, kwamba mtu akivuka mpaka na laini yake, mnara wa huku umpokee kama mtu wa nyumbani, kwa bei ya nyumbani. Nikafurahi. Nikaitoa ile laini yangu ya zamani kwenye pochi, nikaiweka, nikakupigia. Nikakueleza yote haya. Wewe ukasema, "Ehee." Mama, hiyo "ehee" yako naijua tangu nikiwa mdogo. Ndiyo uliyokuwa ukimpa baba alipokuwa anasema amechelewa kwa sababu ya kikao cha kanisa. Nilipaswa kushtuka siku ile ile.

Sasa kuhusu kazi yangu. Nilikuambia niko kampuni ya simu, ukauliza kama nauza vocha, nikasema siyo, tukaishia hapo. Sikuficha kwa ubaya. Tulitia saini karatasi kwamba hatutasema. Ukweli ni kwamba katika huko kuungana kwao, makampuni yaliamua simu za wateja wenye shida zijibiwe kwenye jengo moja, hapa Kampala. Safu moja wanajibu Waganda, safu nyingine Wanyarwanda, na sisi tunajibu Tanzania. Mtu wa Kikatiti bando lake likipotea, anapiga akidhani anaongea na Dar, kumbe anaongea na mimi, na nikigeuka dirishani naona bodaboda za Kampala zinagombea njia. Haturuhusiwi kusema tuko wapi, wala kutumia majina yetu, wala kutoka nje ya Kiswahili. Kila neno linarekodiwa. Mimi naitwa Grace.

Siku ya kuzindua walikuja wakubwa wa kila nchi, wakakata keki, wakasema sasa sisi ni familia moja. Mimi nikisikia tajiri anasema sisi ni familia moja huwa nashika mkoba wangu. Nakato, dada wa hapa ambaye kiti chake kiko jirani na changu, anasema ndoa za namna hii huanza na keki na huisha na watu kupunguzwa. Yeye anashuku sisi Watanzania tumeletwa kuchukua viti vyao. Mimi nashuku siku moja viti vyote vitahamishiwa nchi ambayo watu wake wanakubali mshahara mdogo kuliko sisi. Mchana tunakula pamoja, huku kila mmoja anamtazama mwenzake.

Basi Ijumaa iliyopita, mchana, simu ikaingia masikioni mwangu. Kabla sijamaliza salamu ya kampuni, nikasikia mtu anasafisha koo. Mama, kukohoa kwako nakujua hata kanisa likiwa limejaa. Salamu iliyobaki ikanipotea.

Ukasema, "We nani?"

"Naitwa Grace, mama. Nikusaidie nini?"

"Grace wa wapi?"

"Grace wa huduma kwa wateja."

"Hilo siyo jina la mji."

Nakato alinigeukia kuona kama naumwa. Nikakuomba useme shida yako, nawe ukaisema yote, kama mtu aliyekuwa ameifunga kwenye kanga kwa muda mrefu. Kwamba una binti yuko Uganda. Kwamba zamani namba ilikuwa inakuja ya huko, sasa inakuja ya hapa. Kwamba zamani ukimkosa ulikuwa unajibiwa na yule mwanamke wa Kiingereza, lakini siku hizi anayekuambia mteja hapatikani ni yule wa kwetu, kwa Kiswahili safi kabisa. "Sasa niambie," ukasema, "mtu aliye Uganda anajibiwaje na mwanamke wa Tanzania? Hiyo namba iko wapi leo? Nyie mnaona huko kwenye mitambo yenu."

Nikakujibu nilivyofundishwa, kwamba makampuni yana makubaliano, kwamba mteja anaweza kuwa nchi jirani na laini yake ya Tanzania.

"Nani kakuambia? We ulishafika huko?"

Mama, ningejibuje? Nilikuwa nimekaa huko huko.

Ndipo ukaleta habari ya mama mdogo wa Kikatiti. Kwamba ameniona kwa macho yake Sakina, nashuka kwenye basi la Nairobi, nimevaa gauni la njano, na mwanamume amenibebea begi. Mama! Tangu lini mimi nikavaa njano? Si wewe uliyesema njano inanifanya nionekane mgonjwa wa ini, ukalitoa lile gauni langu la kipaimara ukampa mtoto wa mzee wa kanisa? Mama mdogo hata mbuzi wake mwenyewe huwa anakosea, anafunga wa jirani. Simtukani, ni mdogo wako, lakini akumulikaye mchana usiku hukuchoma. Asiyekuwepo na lake halipo, ndiyo maana nimesemwa hivyo nisiweze hata kufungua mdomo.

Nilipokuambia haturuhusiwi kutoa habari za mteja mwingine, ukanikatiza.

"Mteja? Mimi nimemzaa."

Halafu sauti yako ikashuka. Ulisema kuna mtoto hapo nyumbani ambaye simu ikilia anaacha uji anakimbia kukuletea. Ukasema umeanza kuizima. "Kama mama yake yuko Sakina na hataki kuja kumwona, bora asimsikie kabisa. Mtoto azoee mapema." Ukasema tena, polepole, "Na kama kweli yuko mbali, basi mimi nimemkosea. Ndo maana nakuuliza, binti. Nijue."

Mama, neno moja tu lingetosha. Ningesema "Mama, ni mimi," ungejua. Lakini kwenye kioo cha kompyuta taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka, na mtu akivunja lile sharti anafungasha siku hiyo hiyo, na mwezi ujao Naomi anahitaji ada na viatu. Niliumia, Mama, nakuambia wazi, sijawahi kuumia vile tangu tulipomzika baba. Nikauliza swali la kampuni, kama kuna kitu kingine cha kukusaidia.

Ukauliza, "We una mama?"

"Ninaye."

"Unampigia?"

"Nampigia. Hapokei."

Nikasikia kuku wanapita karibu na wewe. "Labda ana sababu zake," ukasema. "Endelea kupiga." Kisha, "Umekula?"

"Bado, mama."

"Haya." Ukakata, bila kwaheri.

Nilipotoka kazini nilisimama barabarani nikakupigia kwa namba yangu. Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Nikapiga Jumamosi. Jumapili pia.

Sasa sikia hili, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mteja akishaongea na sisi, kampuni inamtumia meseji kumuuliza ameridhika kiasi gani, kutoka moja hadi tano, na kama ana maoni. Watu wengi hawajibu. Na wewe Mama nakujua, meseji ya kampuni kwako ni mwizi tu. Yule kijana aliyekutumia "ile hela nitumie kwa namba hii" ulimrudishia mahubiri, ukamuuliza anasali kanisa gani na mchungaji wake ni nani, mpaka akaacha kujibu. Lakini kampuni hujawahi kuijibu hata mara moja.

Jumatatu asubuhi msimamizi wetu, Mkenya mmoja mwenye sauti kama ya kengele ya shule, akasimama mbele ya safu zote na karatasi. "Penieli, kuja uone vile customer amekuandikia," akasema, kisha akasoma kwa sauti. Ilikuwa hivi:

"5. Huyo binti apewe muda wa kula."

Wote wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo nikipita wananiita Apewe. Nakato peke yake hakucheka, alinifuata chooni akanipa kitambaa, wala hakuuliza.

Mama, nimekaa na hayo maneno tangu Jumatatu, nayageuza kama wewe ulivyogeuza karatasi hii. Je, ulinijua? Upande mmoja nasema hukunijua. Ungenijua ungenigombeza papo hapo, makampuni yote yakusikie, na ile simu ungeipokea jioni. Upande mwingine nasema, tano! Wewe ambaye hata askofu alipokuja kuhubiri ulisema alijitahidi. Na tangu lini ukamuuliza mtu usiyemjua kama amekula, halafu ukaandika na meseji juu yake? Au ulinijua, ukaogopa, kwa sababu ukinijua basi ujue pia kwamba mtoto amezimiwa simu bure? Au unanitega, nirudi mwenyewe nije kujitetea? Tazama, na mimi nimekuwa mtu wa kushuku kila kitu. Wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka, usikasirike.

Niliyoandika kuhusu kazi yangu usimsomee mama mdogo. Likifika Kikatiti leo, kesho liko soko zima. Ukimaliza, karatasi hii iweke ndani ya kitabu cha nyimbo, hapo hagusi mtu.

Nisalimie Elisante, mwambie kicheko chake sijakisahau, nitamlipa siku akioa. Msalimie bibi, umwambie huku ndizi zinapikwa kila siku lakini wanaziponda, hakuna anayejua loshoro yetu ya kuchanganya na maziwa, na mtindi wao hauna moshi wa kibuyu. Msalimie jirani wa juu, kama ameachia maji. Msalimie hata mama mdogo, kwa upendo, na umuulize huyo mwanamume mwenye begi alikuwa na sura gani, maana na mimi ningependa kumfahamu. Mbusu Naomi kwenye paji la uso, pale alipoumia alipoanguka jikoni. Mwambie mama yake hayuko Sakina.

Jumapili mkishatoka ibadani, ukishavua viatu, nitapiga. Itakuja namba ile ile ya nyumbani, na ukichelewa atakujibu yule mwanamke wa kwetu, lakini mimi nitakuwa huku mbali. Usizime simu, Mama. Mtoto aache uji akimbie kama anavyokimbia. Kama ulinijua siku ile, pokea. Na kama hukunijua, pokea vilevile, nikuambie kwamba nimekula.

Ni mimi mwanao, siyo Grace,

Penieli