Posa Imekuja Baada ya Viza

Bi Mwanakheir, assalaam alaykum, nakuomba unisaidie kabla sijaozwa, maana mambo yananikimbilia na mdomo wangu umekuwa mzito.

Mie mtoto wa Malindi, nna miaka ishirini na tisa, kazi yangu nnaifanya chumbani kwa kompyuta, nnachora majiko na makabati ya watu nisiowajua kwa kampuni ya nje, na wenzangu wote wapo Mashariki ya Mbali, basi mwaka huu nkaomba ile viza ya Malaysia ya watu wanaofanya kazi kwa mtandao, ya kukaa muda mrefu, na kwa uwezo wa Mungu nimeipata. Nyumbani tukakubaliana tufunge midomo mpaka nishuke ndege, unajua watu na vijicho vyao, lakini kaka yangu Khatib hana kifua, karopoka barazani, na haukupita muda ikaja posa.

Posa yenyewe ya Darwesh, jirani yetu, nimemjua tangu tunasoma Kurani chuoni, na miaka yote hiyo nnapita mlangoni kwao yeye macho kwenye simu, salamu anaitikia kwa pua, leo ati hapati usingizi kwa ajili yangu! Na kabla hajaposa alimuuliza Khatib, viza ya dada yako ni ya mtu mmoja au inachukua na mume, Khatib bila ya akili akamjibu inachukua mume na watoto, basi mshenga alipokuja, mjomba wake Mzee Talib, mkono mmoja katoa halua na mkono wa pili katoa nakala ya pasipoti ya Darwesh, ati "tuharakishe mambo ya kheri." Mie nipo nyuma ya pazia, nnayaona yote.

Baba akaja kuniuliza kama inavyotakiwa, "Mwanangu, Darwesh kaleta posa, wewe wasemaje?" Nkainama, sikusema ndiyo wala sikusema siyo, nimeduwaa naiwaza ile pasipoti, nilipoinua kichwa mama kishapiga kigelegele, maana kwetu mwari akinyamaza ndiyo karidhia. Sasa nikaha imewekwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, sherehe wanasema itakuja baadaye, kwanza tupande ndege pamoja, na mama analia kwa furaha kuwa sitakwenda ugenini peke yangu. Nikisema neno nitamwaibisha baba kwa jirani wa ukuta mmoja, nikinyamaza naolewa na mtu anayeoa tiketi. Au nimdanganye Darwesh kuwa viza imefutwa, nimtazame atafanyaje? Nipe rai yako, roho yangu haitulii.

Mwari wa Malindi


Mwari, wa alaykumu ssalaam.

Pole mwanangu, na hongera kwa viza yako, maana naona nyumba nzima wamesahau kukupongeza. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Shaka yako ina miguu. Mwanamume anayemtaka mwanamke huulizia tabia zake, hupeleleza kama keshaposwa, huulizia afya ya mama yake. Huyu kaulizia nafasi. Siwezi kumhukumu kijana wa watu kwa maneno ya upande mmoja, huenda alikuwa anakutaka siku nyingi, akasikia unaondoka ndipo moyo ukamruka. Hutokea. Lakini halua na pasipoti siku moja? Loo! Hata mie nisingeionja halua ile.

Ila nawe una lako unalificha. Barua nzima umenieleza vituko vya Darwesh na hukuandika popote kuwa humtaki. Hayo macho yake kwenye simu uliyaonaje miaka yote hiyo, kama yako hayakuwa kwake? Unamtaka, bibi wee! Ulitaka kusema ndiyo, ukaogopa kuwa anayeposwa si wewe. Kumtaka mtu si dhambi, lakini usimtake mpaka ukafumba macho.

Hilo la kumdanganya kuwa viza imefutwa litoe kichwani. Ukianza na uongo kabla ya nikaha, siku akiujua, yeye ndiye atakayekuwa na haki ya kukushuku.

Na hii desturi ya kimya cha mwari iliwekwa kumsitiri msichana anayeona haya kutamka ndiyo. Haikuwekwa kumfunga aliyeduwaa. Baba yako kakuuliza, hukumjibu, kafuata aliyoyakuta. Usimlaumu, na usimwogope, nikaha bado haijasomwa.

Leo akirudi msikitini alasiri, mfuate mwenyewe. Usipitie kwa mama, na Khatib mwache na baraza yake. Mwambie: "Baba, siku ile sikuridhia, nilishtuka. Darwesh sina ubaya naye. Nitatangulia peke yangu, na nikirudi likizo, akiwa bado ananitaka, uniulize tena, nami nitakujibu kwa mdomo wangu." Yeye ndiye atakayemfikishia mshenga, na ile nakala irudi kwa mwenyewe. Majirani watasema, waache waseme, harusi nyingine ikitokea watahamia huko.

Hofu ya mama yako nayo usiidharau. Tafuta nyumba wanayokaa wanawake, mpe namba ya mwenye nyumba, mpigie kila siku hata kama huna jipya la kumwambia.

Kisha mtazame Darwesh. Akisema atangoja, ukasikia anapita kumjulia hali mama yako nawe hupo, basi huyo mume, olewa naye kwa vigelegele. Akinuna, au mshenga akarudi kuuliza kama jina lake haliwezi kuingizwa kwenye viza kwanza halafu ndoa ije, ushapata jibu lako. Utalia, sikufichi, kwa sababu ulimtaka. Lia ndani ya ndege, mwanangu, usije ukalia ndani ya ndoa.

Bi Mwanakheir