Choo cha Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Januari

Nimechota maji. Nimeosha ndoo ya Baba. Huiacha nyuma ya mlango wake, imefunikwa. Naichukua akiwa ameelekea ukutani. Hatujawahi kulizungumza.

Saa moja Bwana Hamisi, jirani yetu, kaja kumchukua. Humshika upande wa kushoto, ule uliokufa kwa kiharusi, wakienda polepole hadi chooni kwake. Asubuhi na jioni, karibu mwaka mzima. Si ndugu yetu. Mtu wa Kondoa, alikuja Tunduma na malori akabaki. Leo kaniambia Alhamisi anasafiri, anakwenda kupasuliwa jicho. Hajui atarudi lini.

Nimeshona sketi sita za shule. Mbili nimezifumua.

Jumanne, 7 Januari

Hatuna choo. Niandike na sababu, maana sijawahi kuiandika.

Februari mwaka jana, mchana, mvua inanyesha, Mama mkwe alikwenda chooni nyuma ya nyumba. Ardhi ilikuwa imelowa wiki nzima. Sakafu ilikatika akaenda nayo. Walipomtoa alikuwa ameshakufa. Shimo likafukiwa. Tangu siku hiyo mimi sifiki nyuma ya nyumba. Nguo naanika mbele, watu wa barabarani wanaziona. Wazione.

Kuna jambo jingine. Leo siliandiki.

Jumatano, 8 Januari

Mume wangu kapiga simu. Lusajo yuko Ndola, Zambia, na lori. Nimemwambia habari ya Bwana Hamisi.

Kasema ameona choo gesti. Cha kukaa, nyuma yake kina kiboksi cha umeme.

"Kinasaga."

"Kinasaga nini?"

"Kila kitu, Mama Neema. Halafu kinasukuma kwa bomba jembamba, hata kupanda mlima."

Nimecheka. Kisha nikaona kama nimekosea kucheka.

Alhamisi, 9 Januari

Bwana Hamisi kaondoka alfajiri. Ametuachia ufunguo wa choo chake. Ufunguo tunao. Wa kumshika Baba hatuna.

Fundi Eliya kaja kupima. Nyumba yetu iko bondeni. Huku nyuma udongo ni tope, akasema hachimbi hata kwa bunduki. Ardhi ngumu iko getini tu, na getini ni juu kuliko nyumba. Choo cha kawaida uchafu hauwezi kupanda. Cha mashine ungepanda hadi kwenye karo, shimo la maji machafu la kujengwa hapo, na chumba cha stoo kinatosha.

Nikamuuliza umeme ukikatika. Akasema hapo hakisagi, mtasubiri au mtatumia ndoo. Nikamuuliza maji. Akasema lazima yawepo. Nikamuuliza kikiziba. Akasema usitupe kitambaa humo, visu vitakwama.

Nimeuliza maswali mengi. Ukweli ni kwamba naogopa. Lile la nyuma ya nyumba naona kama tunalileta ndani.

Jumamosi, 11 Januari

Lusajo kampigia baba yake. Nimesikia majibu ukutani. Baba hataki.

"Mke wa mwanangu anisikie nikiwa chooni? Chini ya bati moja? Bora nife."

Kwetu Ileje mkwe na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Wazee wetu njiani walikuwa wanapishana kwa kuingia porini. Hapa Chapwa, mjini, nyumba ya vyumba vinne, pori liko wapi? Tunajitahidi. Nagonga, naweka chakula kizingitini, naondoka. Tukiongea, mlango uko katikati.

Jana chakula kilirudi nusu. Leo kimerudi chote. Ndoo ilikuwa kavu.

Nimeelewa. Asiyekula haendi chooni.

Jumapili, 12 Januari

Sikwenda kanisani, sitaki kumwacha peke yake. Uji haukuguswa. Maji kanywa kidogo.

Saa nane mvua imeshika. Kwenye bati haisikiki kitu kingine, na bado nimesikia. Sauti ya Mama, inatoka chini, inaita kama siku ile. Nimeziba masikio kwa viganja. Haizibiki.

Si mara ya kwanza. Kila mvua kubwa. Nimejiombea, mchungaji kaniombea. Lakini mchungaji sikumwambia yote.

Jumatatu, 13 Januari

Mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kaja na vitenge vitatu. Kanijulia hali kwa Kibemba, "Mulishani, mayo?" Kisha, "Unaumwa?" Nimesema sijambo.

Baba hajala siku ya tatu.

Jumanne, 14 Januari

Naandika usiku.

Mchana nimegonga mlango wa Baba, kimya. Nikafungua. Hayumo. Fimbo haipo. Mlango wa uani uko wazi.

Nilisimama pale mlangoni. Nikaita "Baba!" mara moja, mbili. Kisha nikaenda. Miezi kumi na moja sijakanyaga pale.

Alikuwa amekaa kwenye tope, palepale palipofukiwa. Kiganja kizima kakiweka juu ya udongo. Hakuweza kuinuka. Nilimtazama usoni, sikumbuki kama niliwahi kumtazama hivyo. Nikamshika kwapani. Nikamwinua. Mwepesi kama furushi la nguo. Amelia, nami nimelia. Nimemvua koti lenye tope, nimemlaza.

Mwiko tumeuvunja. Dari haikuanguka.

Jumatano, 15 Januari

Nimempelekea uji. Sikuuacha kizingitini. Nikaingia, nikakaa sakafuni, nikageukia dirisha.

Nikasema nilichokikalia mwaka mzima. Kwamba siku ile nilimsikia Mama akiita. Niliketi kwenye cherehani, nimebakiza pindo la gauni la harusi la mtu. Nilidhani anataka kopo la maji. Nikasema moyoni, nimalizie pindo kwanza. Nikamalizia. Nikakata uzi. Ndipo nikainuka.

"Nilisikia, Baba. Nisamehe."

Nikafikiri atanifukuza.

"Nami nilisikia," akasema.

Nikageuka.

"Nilikuwa hapa kitandani. Nilisikia ubao ukivunjika, kabla hajaita. Nilijua ameanguka. Mguu hauendi. Nilipaswa kukupigia kelele. Kelele moja tu ungekimbia." Mdomo wake ulikuwa unacheza. "Kukuita wewe, mke wa mwanangu, uje chumbani kwangu, niko na shuka tu. Nikaona aibu. Nikasema labda atasikia mwenyewe. Nikangoja."

Mwaka mzima kila mmoja upande wake wa ukuta, anajua, anadhani mwenzake hajui.

Nimeshika kijiko. Nimemlisha. Kamaliza kikombe.

Nikiwa mlangoni akasema, "Aibu imeshanichukulia mke. Mwambie Lusajo alete hicho choo."

Ijumaa, 17 Januari

Lusajo amekinunua Lusaka, boksi zima, na bomba zake. Anakuja nacho kwenye kebini ya lori. Sikumwambia tuliyoyasema na baba yake. Nitamwambia akifika. Ninaogopa hilo kuliko mengine yote.

Kwa sasa naenda na Baba mwenyewe hadi kwa Bwana Hamisi. Namfikisha mlangoni, nasogea hadi kwenye ua, nageuza mgongo. Majirani wanatazama. Mwanamke mmoja mtu wa kwetu kashika mdomo. Ashike.

Jumatano, 22 Januari

Lusajo kafika jana, baada ya siku mbili kwenye foleni ya Nakonde. Nimemwambia. Hakunipiga, hakunitukana. Alitoka nje, akakaa ndani ya lori hadi chai ikapoa. Aliporudi akaenda chumbani kwa baba yake, akafunga mlango. Walikaa sana. Macho yake mekundu. Mimi hajanisemesha bado.

Fundi Eliya ameanza kuchimba karo getini. Nilisema nitatazama, nikashindwa. Nimekaa chumbani kwa binti yetu Neema, kitanda hakina mtu, yuko shule ya bweni. Afadhali hayupo.

Jumamosi, 25 Januari

Karo limejengwa kwa tofali, likafunikwa zege lenye nondo. Nimemwambia fundi aruke juu yake. Kacheka. Nikamwambia sicheki. Karuka mara tatu. Kisha Lusajo akaruka yeye, mzito kuliko fundi, akanitazama.

"Haliendi popote," akasema. Neno la kwanza tangu Jumanne.

Choo kimefungwa stoo. Weupe wake unaumiza macho. Kujaribu tu, umeme ukakatika. Tumengoja saa tatu nzima. Uliporudi fundi akamwaga maji, mashine ikanguruma ukutani, sekunde chache, ikanyamaza. Nimesikiliza bomba hadi getini. Maji tu.

Lusajo amepigilia kishikio cha chuma ukutani, upande wa mkono mzima wa baba yake.

Jumatatu, 27 Januari

Mvua tangu asubuhi. Lusajo yuko njiani kuelekea Dar. Ameniaga vizuri.

Sauti imekuja, saa nane, kama kawaida. Sikuziba masikio. Nilisimamisha cherehani nikaisikiliza mpaka mwisho. Sidhani itaondoka. Nimemjibu. "Nimekusikia, Mama."

Baadaye Baba amepita koridoni na fimbo yake, peke yake, akielekea stoo. Nimechukua kigoda nikaenda kukaa barazani, nimpe nafasi. Malori yamepanga hadi huku kwetu, madereva wamelala juu ya usukani. Nimekaa hadi miguu ikalowa.

Niliporudi alikuwa mezani. Mezani, si chumbani. Nimepakua ugali na maharage, nikakaa upande wa pili. Tumekula bila kutazamana sana. Kaomba aongezewe.