Bahasha ya Leseni ya Tatu

Kwako dada Mariamu, uliye mbali kuliko simu inavyotudanganya,

Shikamoo. Naiandika kwa herufi zote kwa sababu kwenye simu huwa naimeza. Unajua nilivyo. Mama akinipa simu nasema nzuri, nasema poa, nasema shule inaenda, halafu namrudishia, na wewe unabaki unacheka huko kwamba mdogo wako hana ulimi. Leo ninao. Mwalimu wetu wa Kiswahili amekubali barua hii iwekwe kwenye gazeti la shule, na nimeomba hivyo mwenyewe, kwa sababu kuna mtu amesemwa vibaya hadi sokoni kwa kosa langu. Kukunong'oneza wewe peke yako hakutoshi.

Ni habari ya ile bahasha. Mimi ndiye niliyeifungua.

Sasa niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana nikiishia hapo utaona kosa tu, hutaona lilikotoka.

Unakumbuka mwaka wako wa mafunzo, ulipokuwa umemaliza chuo lakini hujawa daktari kamili? Jumamosi ulikuwa unapanda mlima kuja huku nyumbani na kunisuka. Unakaa kwenye kigoda mlangoni, mimi nakaa chini kati ya magoti yako, sweta langu limejaa nywele. Kabla hujafika utosini watu wanaanza kuingia: huyu presha, yule mgongo, mwingine ana mtoto anakohoa. Unaniambia, subiri hapo hapo, usisogee. Nami sisogei. Siku moja ulichelewa kwao mpaka muda wa madrasa ukafika, nikaenda nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama brashi. Wenzangu walicheka mpaka ustadhi akatoka nje kwenda kumalizia kicheko chake. Sikuwakasirikia wao. Niliwakasirikia wagonjwa wako. Nilikuwa darasa la tatu, na nadhani wivu wangu ulizaliwa pale, kwenye ule upande ambao haukusukwa.

Halafu ukaenda Marekani. Ukasoma tena, ukalala kwenye mahospitali yao miaka mingine, ukapata leseni ya Ohio. Mama akachinja kuku. Baba alikuwa Kwamkoro kwenye mashamba ya chai, tukampigia simu akapiga kelele mpaka wenzake wakadhani kuna msiba. Mwaka uliofuata ukasema unatafuta ya Minnesota. Mama akauliza kwani ile ya kwanza imekwisha muda. Ukatueleza kwamba kule kila jimbo lina baraza lake la madaktari, na daktari akivuka mpaka bila leseni ya jimbo lile haruhusiwi kuandika hata dawa ya mafua. Kila jimbo linataka ombi lake, alama zake za vidole, na barua zake kutoka kila mahali ulipowahi kusoma na kufanya kazi.

"Yaani mtu akitoka Lushoto akafika Korogwe, udaktari umemtoka?" Mama akauliza. Ulicheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu. Jimbo moja, majimbo mawili. Watu wangapi hao, wenye haki ya kukuita? Sisi tuna jina lako, damu yako na kitanda chako kule chumbani, lakini hatuna leseni yako hata moja inayokulazimu kuja.

Nikuambie kitu kingine ambacho hukijui. Jioni moja, asubuhi kwako, tulikuwa tunaongea kwa video, ukasema subiri kidogo, mgonjwa wangu wa Minnesota ameingia kwenye kompyuta. Ukailaza simu kifudifudi ukidhani umeikata. Hukuikata. Nikamsikia mama mmoja mzee analia kwa Kiingereza, nawe ukamwambia polepole, kwa sauti ya chini, kwamba asiwe na haraka, huendi popote.

Dada, maneno hayo ni yangu. Uliniambia mimi, nilipougua nimonia nikiwa na miaka tisa, nikawa naamka kila mara kuangalia kama umeondoka. "Siendi popote," ukasema, na kweli hukwenda. Sikujua kama neno la namna ile linaweza kuvukishwa bahari, likatafsiriwa, likagawiwa kwa mtu mwenye leseni yake. Nilikata simu. Uliporudi ukadhani ni mtandao.

Basi ndipo likaja hili jimbo la tatu. Ulilitaja kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi. Ukasema lina milima na ukungu asubuhi, kama kwetu. Kama kwetu! Ningeweza kuvumilia majimbo ya tambarare. Lakini kwenda kutafuta milima mingine, wakati hii ipo na sisi tuko juu yake tunapalilia kabichi, hilo lilinichoma. Ulisema hospitali moja ndogo kule inakungoja, ni kazi ya mkataba, wiki kadhaa za zamu kisha wiki kadhaa za mapumziko, na ukiipata utakuja nyumbani Desemba na kukaa miezi miwili. Sikukuamini. Ulisema utakuja ulipopata ya Ohio, na ulisema hivyo ulipopata ya Minnesota.

Baraza la jimbo lile lilitaka barua ya uthibitisho kutoka hospitali uliyofanyia mafunzo huku. Ulinitumia masharti kwa Kiingereza, kwa sababu mimi ndiye msomaji wa Kiingereza nyumbani. Barua itiwe kwenye bahasha, ifungwe, muhuri na sahihi vikate katikati ya mfuniko wake, hospitali yenyewe iitume. Mama akaniuliza wanasemaje. Nikamtafsiria yote nikaruka moja: kwamba bahasha isipite mikononi mwa mwombaji wala ndugu zake. Mama Hoza, yule katibu wa hospitali, alilijua sharti hilo. Lakini unajua mambo yetu. Ofisi ya vifurushi iko mjini, gari la hospitali lilikuwa limeharibika, na huku kitu cha maana hakiachwi kulala, hupewa mtu anayefahamika. Aliniona nimesimama mlangoni kwake na sare ya shule. Akagonga muhuri, akasaini, akanipa kwa mikono miwili. "Wewe ni mtoto wetu," akasema. "Ipeleke leo, isilale."

Ilikuwa saa nane mchana. Mama alikuwa shambani. Sufuria ya chai ilikuwa inachemka, nikaishika bahasha juu ya mvuke.

Nataka kusema sijui kwa nini, lakini najua. Nilitaka kuona wanakusifuje. Na chini ya hapo, dada, nilitaka kukuta sentensi moja mbaya. Moja tu. Kwamba siku fulani ulichelewa, au ulimjibu mkubwa wako vibaya. Ningeikalia hiyo sentensi kama kiti.

Haikuwa barua ya sifa. Ilikuwa fomu, maswali na visanduku. Je, aliwahi kupewa adhabu? Hapana. Aliwahi kulalamikiwa na mgonjwa? Hapana. Aliwahi kukatiza mafunzo? Ndiyo. Hiyo hapo, nikasema. Kwenye mstari wa maelezo, kwa mwandiko mzuri wa Mama Hoza, paliandikwa: wiki mbili, kumuuguza mdogo wake.

Nilisoma mara tatu. Wiki mbili hizo ni mimi. Ile nimonia. Mimi nilidhani ulikuwa likizo. Hukuniambia kwamba uliacha kazi, kwamba ile "ndiyo" imebaki kwenye jalada lako kama doa, na kwamba kila jimbo linauliza, eleza, ilikuwaje, na kila mara unakaa chini na kuandika habari zangu. Ohio wananijua. Minnesota wananijua. Nimekuwa nikiwaonea wivu watu ambao walisoma jina la ugonjwa wangu kabla hawajakupa ruhusa ya kuwagusa.

Ungefikiri hapo ningekimbia kurudi kwa Mama Hoza. Sikukimbia. Nilipaka gundi ya shule, nikabana kwa kidole, lakini zile nusu mbili za muhuri hazikukutana vizuri tena. Nikaipeleka mjini hivyo hivyo. Yule kijana wa vifurushi hata hakuitazama.

Yaliyobaki unayajua kwa upande wako. Baraza likasema bahasha ilifika imeguswa, hawaipokei. Hospitali ndogo ikachukua daktari mwingine. Ulitupigia ukasema basi, hutokea, Desemba haitawezekana, na sauti yako ilikuwa ya kazini kabisa. Nikiri na hili: nilipomrudishia Mama simu, kabla ya aibu kufika, nilifurahi. Kidogo, kama mtu anayeonja sukari mezani kwa watu. Lile jimbo la milima limekukosa, nikasema moyoni. Kisha nikakumbuka kwamba hata sisi tumekukosa.

Mama akatafuta mwenye kosa, na hakutafuta mbali. "Ni Mama Hoza," akasema. "Bahasha imetoka mezani kwake. Ni wivu tu huo. Watu hawapendi kuona mtoto wa mwenzao anafika." Mimi nilikuwa pale namenya viazi. Neno langu lilipita juu ya kichwa changu likaenda kumkalia mtu mwingine, nami nikaendelea kumenya.

Akalipeleka sokoni. Wenye karoti wakalijua, wenye matunda ya plamsi wakalijua. Mama akaacha kuitika salamu ya Mama Hoza, na mimi nikaambiwa nikikutana naye nipite upande wa pili. Miezi mitatu.

Jumatatu iliyopita nilikutana naye dukani, ndani, hapakuwa na upande wa pili. Shikamoo ikanitoka yenyewe. "Marahaba, mwanangu," akasema, kisha akashusha sauti ili mwenye duka asisikie. "Hivi ile barua ya dada yako ilifika salama? Namwombea kila siku."

Hakuwa anajua. Dada, alikuwa amenuniwa na soko zima na hakujua ni kwa nini.

Kesho yake nikaenda ofisini kwake nikamwambia, huku natazama kalenda ya ukutani. Aliweka kalamu chini. Kisha akasema alikuwa anadhani labda alimkanyaga Mama kwenye foleni ya mbolea. Akacheka kidogo, akafuta macho, akavuta fomu mpya.

"Hii nitajaza mimi," akasema. "Lakini watauliza ya kwanza ilifunguliwa na nani. Hilo si la mkono wangu."

Akanipa karatasi nyeupe. Nikaandika kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, kwamba mimi ni mdogo wake daktari, kwamba bahasha niliifungua mimi, kwamba hospitali haina kosa na wewe hukujua. Nikaandika pia kwamba mgonjwa wa zile wiki mbili alikuwa mimi, na kwamba nilipona. Mama Hoza akasoma, akarekebisha tarehe, akafunga kila kitu mbele yangu. Safari hii alijitanda kitenge akaipeleka bahasha mjini mwenyewe. Mimi hakunigusisha, na sikuomba.

Jioni nikamwambia Mama. Hakunipiga. Alisema, "Nimemnyima mtu salamu miezi mitatu kwa ajili yako," akachukua mkungu wa ndizi uliokuwa jikoni na kutoka. Aliporudi hakunieleza walichozungumza. Lakini jana sokoni nilimsikia anawaambia wale wale wenye karoti, mmoja baada ya mwingine, kwamba alikosea, na ni mtoto wake. Hakutaja ni yupi. Nimeamua kutaja mimi.

Sijui baraza litasemaje. Huenda wakakupa leseni, huenda wakasema familia hii ina matatizo. Ile kazi imekwenda, na Desemba imekwenda nayo. Sikuombi useme si neno, maana utalisema kwa ile sauti ya kazini. Ukasirike kwanza. Ukimaliza, nipigie mimi, usipitie kwa Mama, na nitaongea.

Wala sitakudanganya kwamba wivu umeisha. Asubuhi hii ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nikafikiria ule wa huko, nikauchukia tena. Nadhani nitaishi nao kama watu wanavyoishi na presha, kwa kupima. Kwa hiyo naomba jambo moja tu. Ukipata hii ya tatu, na ukianza kutafuta ya nne, maana najua utaitafuta, usimwambie Mama kwanza. Niambie mimi. Niachie nusu saa niumie peke yangu, halafu nitatoka nje, nitamwita shambani, nimpe habari njema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nakuaga hapa, kalamu imeanza kuniogopesha. Jitande vizuri, huko baridi.

Ni mimi, wa zile wiki mbili,
mdogo wako.