Neno Moja kwenye Jiwe la Mama Yako

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, chenye dirisha lisilofunga.
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa mjukuu wangu Kisigino,

Hujambo huko uliko? Vitukuu vyangu hawajambo? Na mumeo, kile kikohozi kimemwacha au bado anabweka usiku kucha? Mimi sijambo. Goti linanisumbua na sikio moja limeamua kustaafu, lakini ulimi ni mzima, kama utakavyoona.

Barua hii nimeiandika mwenyewe, kwa hiyo usiicheke mistari inavyopanda mlima. Ningemwomba mjomba wako aniandikie, lakini nakuandikia nimsengenye yeye, sasa angeandikaje?

Mmenichosha, wewe na yeye. Naanza na wewe, kwa kuwa uko mbali na huwezi kunikatiza.

Nilikuuliza kwa simu jiwe la kaburi la mama yako liandikwe nini. Ukanijibu, "Vyovyote mtakavyoamua, bibi." Vyovyote ni jibu la mtu aliyeulizwa chai au kahawa. Fundi wa mawe anasema hagusi patasi mpaka mtoto wa marehemu aseme, na anataka jibu kabla ya Ijumaa, la sivyo jiwe anampa mteja mwingine. Mjomba wako naye anasema utakalosema wewe atalikubali. Basi sisi tunakungoja wewe, wewe unatungoja sisi, na mwanangu kalala chini ya udongo mtupu kama mtu asiye na kwao.

Nikueleze ugomvi ulivyoanza. Mama yako alipolazwa mara ya mwisho alituita mimi na mjomba wako, akiwa na akili zake zote. Akasema, "Andikeni 'Alicheza', basi. Fundi asichoke bure." Kisha akacheka mpaka nesi akaja kutugombeza.

Mjomba wako hataki kulisikia neno hilo. Yeye anataka "Profesa Mbobezi wa Sanaa za Maonyesho", na vyeti vifuate chini yake, kama vile marehemu anaomba kazi huko alikokwenda. Nikimbana ananiambia, "Mama, watu watapita pale watauliza, alicheza na nini? Na maisha?"

Namwelewa, usidhani simwelewi. Babu yako aliposikia binti yake amekwenda chuo kikuu kusomea kucheza, aligoma kusema naye. Akawa anauliza ukuta, mbona watoto wanacheza bila kufundishwa. Mjomba wako wakati huo alikuwa bado shule ya msingi, na wenzake wakamwita Kaka wa Ngoma. Alikuwa akirudi nyumbani shati halina vifungo, kisa kumtetea dada yake. Siku dada yake alipoitwa profesa, yeye ndiye aliyelia kuliko sisi sote. Sasa anataka wale waliomcheka walisome neno hilo. Lakini si wao waliokufa.

Wala mama yako hakuwa mtu rahisi, tusimfanye malaika. Alikuwa akinivamia na wanafunzi wake bila taarifa, wanasukuma makochi yangu, wanakanyaga sakafu niliyotoka kuipiga deki, wanamaliza chai ya nyumba nzima. Alimtimua mwanafunzi mazoezini kwa sababu anatembea kama mtu anayejua anatazamwa, kesho yake akamfuata hosteli kumbembeleza arudi. Hata wewe, ukiwa bado tumboni, ulimpiga teke la kisigino akiwa jukwaani mbele za watu, akatoka pale na jina lako tayari, hakuuliza mtu. Kucheza ngoma, kucheza mchezo wa jukwaani, kulea, kwake yote yalikuwa kitu kimoja.

Tangu mdogo alikuwa akifanya mazoezi ya kufa sebuleni kwangu. Naingia na ndoo, namkuta chali, macho wazi, ulimi nje. Mara ya kwanza nilipiga yowe mtaa mzima ukajaa mlangoni. Baadaye nikawa namruka tu, naendelea na kazi zangu. Siku ile hospitali, daktari alipomfunika, nilisimama pale nikingoja afumbue jicho moja aone kama nimeshtuka. Nikamwambia imetosha sasa, inuka. Mjomba wako ndiye aliyenishika mkono akanitoa.

Sasa nisikilize vizuri. Unajua sikupelekwa shule. Nilipojaribu ukubwani, herufi kwangu zilikuwa kama mende waliokanyagwa. Mama yako akaja likizo, akasukuma meza ya jikoni, akaanza kunisomesha kwa mwili wake. Alipanua miguu, akafunga mshipi kiunoni, akasema hiyo ni A. Akakaa chini, mgongo wima, miguu mbele: L. Akasimama kama mlingoti: I. Akajikunja kama mwenye tumbo la kuuma: C. Kwenye E alinyoosha mikono na mguu mmoja, akaniangukia kwenye masufuria. Kwenye Z alipiga magoti, akaegemea nyuma, mikono mbele, akapiga kelele kwamba mgongo unakatika, mama, soma haraka.

H hakuiweza peke yake. Akanivuta nisimame mbele yake, tukanyooshana mikono tukashikana. Akasema, hii ni mimi na wewe.

Nikisoma maneno ya mjomba wako, naona maandishi tu. Nikilisoma neno la mama yako kwa herufi kubwa, namwona yeye akihangaika sakafuni kwangu, na pale katikati nipo na mimi, tumeshikana mikono. Nilimweleza hivyo mjomba wako juzi. Alikohoa, akasema basi tungoje neno la mtoto. Hilo "profesa" chuo kitaliandika mlangoni kwenye ukumbi wao, walishasema.

Mpigie mjomba wako. Na ukiniambia vyovyote tena, nitakuja huko kwa miguu, na hili goti.

Msalimie mumeo, anywe maji ya moto. Wabusu vitukuu vyangu, hasa yule wa mwisho anayeng'ata. Mjomba wako na mkewe wanakusalimu, ingawa hawajui naandika. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na akupe ulimi wa kusema unachotaka.

Ni mimi bibi yako nikupendaye, hata leo ninapotamani kukufinya.