Mshono Katikati ya Karatasi Zako

Nyumbani,
Mlango wa pili baada ya duka la viatu.
Jumapili, tarehe kumi na moja.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimepoa? Unakula vizuri, au bado ni chai na mkate umesimama? Sisi hatujambo. Goti la baba yako linamsumbua asubuhi, likipata joto linanyooka. Mimi ni macho tu, siku hizi kutia uzi kwenye sindano ni mara tatu, nne, ndipo unaingia.

Kabla sijaendelea, kaa chini. Nimemwomba nesi anayekuletea mzigo huu akupe barua kwanza, faili baadaye. Kama amekosea akaanza na faili, basi umeshaona, na ninakuomba usome hivyo hivyo.

Alhamisi uliponipigia simu ukauliza kama faili lako la misemo lipo, nilikwambia lipo, nimelifunika kitambaa, halijaguswa na vumbi. Vumbi kweli halikuligusa. Nililigusa mimi, kwa mkasi.

Ilikuwa hivi. Shule ilileta kazi ya mashati ya sare, saizi saba, na karatasi zangu za kukatia kola zilikuwa zimechoka, zinakunjika kama kitambaa. Nikatafuta karatasi ngumu. Chini ya kitanda, kwenye sanduku lako, nikakuta faili. Karatasi nene, nzuri, Kiingereza kushoto, Kijerumani kulia. Sitaki kukudanganya mara ya pili: mwandiko wako niliutambua. Nikajiambia haya ni mambo ya masomo uliyokwisha kumaliza, mtu akishahitimu ya nini tena. Nikakata karatasi kumi na nne. Kola, mifuko, na vipande vya mikono.

Sikujua ni kazi ya miaka minne. Sikujua kwamba tarehe ishirini na nane utaiweka mbele ya wakubwa wa ile ofisi ya tafsiri, waamue kama wakupe kazi au wakurudishe. Uliposema, "Mama, cheti kikubwa sina, faili ndilo litakalonisemea," macho yangu yalikwenda kwenye mkasi. Na bado mdomo ukasema lipo.

Baba yako alikuwa amekaa pale pale, anasikia. Hakunigombeza. Aliniambia, "Mwambie kabla hajafungua mwenyewe. Akishafungua, hutakuwa na la kusema." Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeumbuka.

Vipande vingi vilikuwa ukutani kwangu, vimening'inia kwenye msumari. Viwili nilikuwa nimemwazima Futi, yule fundi mwenzangu ambaye hata kanisani huenda na utepe wa kupimia shingoni. Ilibidi nimweleze navitakia nini. Alikivaa kimoja shingoni, akajitazama kwenye kioo.

"Dada, kola hii imesoma kuliko mimi na wewe."

"Nirudishie, Futi. Sina mzaha leo."

"Mtoto anaunganisha lugha mbili, mama anazitenganisha kwa mkasi. Siku akirudi huyo binti nafunga duka, nakuja kukaa mbele."

Akanipa vyote viwili. Kimoja kina mafuta ya cherehani, utakiona. Mafundi wengine walicheka, na mimi sikuwa na pa kuuweka uso.

Nilijaribu gundi, wino ukavimba. Basi nikashona. Nimelegeza uzi wa cherehani na kuweka hatua ya sindano iliyo ndefu kuliko zote, maana hatua fupi huitoboa karatasi ikachanika kama stempu. Nimefuata mistari ya karatasi kama ninavyofuata maua ya kitambaa yakutane kwenye mshono. Karatasi ya tisa ina tundu la ukubwa wa mfuko. Mabaki huwa najazia mito, kwa hiyo nimeupasua mto wa kiti cha baba yako, nikaokota vipande sita, cha saba sikukiona. Hapo karibu na tundu umeandika habari ya kuua nzi wawili kwa pigo moja. Labda utakumbuka kilichofuata.

Ni hapo kwenye kushona nilipoiona ile penseli yako. Ndogo, imefifia, chini ya kila mstari. Umeeleza kwa lugha yetu wale wanasemaje, kisha umeandika: Mama husema.

Nilisoma polepole, unanijua. Mvua ikizidi, Waingereza wananyeshewa paka na mbwa, Wajerumani wananyeshewa nyuzi. Mama husema: leo mbingu imefumuka mshono. Kununua kitu bila kukitazama, Mwingereza ana nguruwe kwenye gunia, Mjerumani ana paka. Mama husema: mbuzi kwenye gunia. Nikacheka peke yangu. Gunia ni moja, kila mtu na mnyama wake. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu mkasi ulikuwa umepita katikati ya huyo mbuzi.

Nakumbuka ulivyokuwa ukinieleza, umekaa kwenye kigoda, mimi napima. Kwamba Mwingereza huchukua kitenzi kidogo akakifunga mkia, maana ikageuka kabisa, na kwamba Mjerumani mkia huo wakati mwingine huutupa mwisho wa sentensi, msikilizaji akangoja kama anayengoja kifungo cha mwisho. Nilikuwa naitikia, "Ehe, ehe," na akili yangu iko kwenye upindo. Kumbe mimi sikuwa nakusikiliza, na wewe ulikuwa unaniandika.

Shangazi yako anakusalimu, anauliza picha uliyomwahidi. Babu anakusalimu, kasikia habari ya faili na hajanisemesha siku mbili, ila jana aliniomba chumvi. Wadogo zako wote wazima. Nesi mpe shukrani, kabeba mzigo huu mkononi ili usikunjike.

Limebaki moja. Karatasi ya kumi na mbili umeandika namna watu wanavyokiri kosa. Mwingereza hutoka akiwa safi, Mjerumani hufuta meza. Kisha umeandika Mama husema, na mbele yake hakuna kitu. Nimepakodolea macho hapo. Miaka yote niliyokulea nimekuchapa kwa makosa ya wengine, nimepoteza vitu vyako nikasema panya, na hujawahi kusikia neno la kukiri kosa mdomoni mwangu hata mara moja. Ungeandika nini.

Leo nimefuta meza yangu ya kushonea, nikaokota kila uzi, nikachukua penseli. Nafasi hiyo nimeijaza. Mwandiko si mzuri na mstari umepinda, lakini ni wa mkono wangu: Mama husema, nimekosa, mwanangu, nisamehe. Wale wakubwa wakiuliza ni msemo wa wapi, waambie ni mpya.

Mungu akufungulie mlango huo tarehe ishirini na nane, na karatasi hizi zisikuaibishe kama zilivyoniaibisha mimi.

Ni mimi mama yako, nikupendaye na mkasi nimeuweka mbali.